Mvuke Baridi, Kibokoni

Twahir, mashine yako imefika.
Imevingirishwa ndani ya fulana zako kuukuu,
nyeupe, duara, kama yai la ndege asiyejulikana,
na maelezo kwa lugha sita, yetu haimo.
Wasema huko kwenu hewa imekauka kama mkate wa juzi,
pua zatoka damu, midomo yapasuka,
bila hii mtu halali.

Ndugu yangu, umesahau ulikozaliwa?
Hapa chumvi hulia ndani ya kichupa.
Nimeitia punje za mchele ziilinde, bado hulia.
Kiberiti hukataa. Taulo la Ijumaa
hukauka Jumatatu, likipenda.
Kumpa mtu wa Mombasa unyevu
ni kumtunza muuza samaki harufu.

Lakini kitu cha ng'ambo hakikai bure,
na kitaa chake cha buluu kilinikodolea.

Nikaanza na maji ya kisima,
maana bomba letu walijua, hukohoa upepo.
Asubuhi televisheni ina unga mweupe,
kioo kina unga, kope za Swabra zina unga.
Nikalamba kidole: chumvi.
Kisima kizima kilipaa usiku, kikatua.

Nikatia marashi ya waridi, kikombe kizima.
Nyumba ikanuka harusi.
Bi Thureya akabisha hodi na kanga mpya kichwani:
"Yupi anayeolewa, na mbona sikualikwa?"
Hakuamini. Hadi leo ananinunia.

Nikatia kahawa tungu.
Mapazia yakageuka rangi ya mkekundu wa zamani,
naye Shee akaamka saa nane za usiku
akapanga viatu vyote vya nyumba kwa ukubwa.

Halafu tui la nazi. Usiniulize kwa nini.
Pengine nilitaka chumba kinuke jikoni kwa mama
siku ile ulipofunga sanduku.
Ikakoroma, ikatema, ikanyamaza.
Siku ya tatu hata paka aliomba kutoka.

Nikaisugua kwa siki. Sikuisuza vyema.

Usiku huo kifua cha Swabra kikapiga filimbi.
Nyembamba, mbali, kama birika
la nyumba ya tatu.
Tukambeba na kanga ya kulalia, Shee bila viatu,
vile viatu vyote vilivyopangwa.
Daktari, kijana, ndevu hazijakaa sawa,
akauliza: "Mmechoma nini ndani?"
"Hatukuchoma."
"Basi mmefukiza nini?"
Nikaanza kuhesabu kwa vidole
nikaona haya kukifikia cha nne.
Akasema taratibu, macho kwenye karatasi:
"Pafu si sufuria, mama.
Kinachoingia hakimwagwi."

Siku tatu nililala mkono juu ya mgongo wake,
nikipima kupanda na kushuka.
Sikusali vizuri. Nilikuwa nikihesabu.

Amepona. Jana alimrukia Bi Thureya ngazini
akamvunjia mayai.

Mashine ipo. Nimeichemshia maji, nimeisugua mara saba,
nimeianika juani kwenye dari.
Tangi lake sasa ndilo kopo la chumvi.
Waliolitengeneza waliogopa hata tone,
kifuniko chake kinafunga kwa kiapo.
Mwezi wa pili huu, chumvi hailii.
Nyumba nzima, pahali pakavu ni pamoja tu:
tumboni mwa kile ulichotuma kitupe unyevu.
Kitaa cha buluu tumekiacha.
Swabra hulala akikitazama.

Usitume nyingine. Ila ukipata msafiri,
nitilie ndani ya mfuko, ukaze fundo,
huo ukavu wenu kidogo,
wa taulo mbili tu.
Na ukinipigia usiku, usiseme upesi.
Nitaiweka simu dirishani usikie:
mabati yadondoka, top, top,
na mvua haijanyesha.